Meno ya bandia: kutoka pengo hadi sahani ya makande

Mama mmoja wa Usa River alirudi kwetu wiki mbili baada ya kuvaa seti yake ya kwanza. Meno yalikuwa kwenye leso, leso kwenye mfuko wa rambo. "Mwanangu, chukueni tu, nimeshindwa." Nikayapokea, nikayageuza kwenye mwanga, nikapitisha kidole kila ukingo. Hayakuwa na ufa wala kona inayochoma. Nikamuuliza siku ile alipotoka hapa alikwenda kula nini. Akasema makande.

Mimi ni fundi wa maabara ya meno, hapa Arusha. Wagonjwa wengi hawanijui. Daktari ndiye anayekaa nao, mimi nakaa na plasta, nta na moto. Lakini meno yakirudi kwenye leso yanarudi kwenye meza yangu, na nimeona kwamba mengi ya hayo ni mazima kabisa. Mwenyewe alinyamaza siku ya kuyajaribu, halafu akakata tamaa kabla mwezi wa kwanza haujaisha. Hatua zilizo hapa chini nimezipanga kama mtu anavyozipitia, na nitakaa zaidi kwenye hizo mbili, ya 5 ya kujaribu na ya 6 ya mwezi wa kwanza, kwa sababu ndizo zinazoamua.

Hatua ya 1: Hesabu ulichobakiwa nacho

Simama mbele ya kioo penye mwanga, fungua mdomo, hesabu. Mtu mzima mwenye meno yote ana 32, pamoja na magego manne ya mwisho ambayo wengi tumeshayang'oa au hayakuota kabisa. Kisha uma taratibu uangalie yapi ya juu yanakutana na ya chini. Jino lisilo na mwenzake wa kukutana naye halitafuni, limekaa tu.

Kukosa magego ya nyuma peke yake hakukulazimishi kuvaa chochote. Utafiti uliofanyika Tanzania na kuchapishwa mwaka 2003 ulionyesha kwamba watu wenye meno ya mbele, magego madogo yote na angalau jozi moja ya magego makubwa inayokutana hutafuna vya kutosha. Wenye taabu ya kweli ni waliobaki na meno ya mbele na jozi moja au mbili za magego madogo, au hata hizo hawana. Kwa hiyo ukiambiwa lazima ujaze pengo la gego moja la mwisho, uliza kwa nini. Pengo la mbele ni habari nyingine, linagusa usemi na sura, na mtu ana haki ya kulijaza hata kama anatafuna mfupa.

Na kama umebaki kibogoyo kabisa, usijifungie ndani. Shirika la Afya Duniani lilikadiria katika ripoti yake ya mwaka 2022 kwamba kati ya watu wenye umri wa miaka 60 na zaidi duniani, karibu 23 katika kila 100 hawana hata jino moja.

Hatua ya 2: Chagua aina, na ujue unalipia nini

Pengo hujazwa kwa njia tatu. Daraja ni jino la bandia linaloshikiliwa na majirani zake wawili; daktari huyachonga majirani hao na kuyavisha kofia. Halivuliwi, linapendeza, ila meno mawili yaliyokuwa mazima yamechongwa na hayarudi tena. Kipandikizi ni skrubu ya titani inayopandwa kwenye mfupa wa taya, kazi iliyoanza kwa binadamu huko Sweden mwaka 1965. Kwa wengi wetu bei yake bado ni ya kuuza ng'ombe, na si ng'ombe mmoja. Ya tatu ni meno ya kuvaa na kuvua, na hayo ndiyo tunayoyazungumzia.

Ya kuvaa nayo yana aina zake. Ya kawaida ni ya akriliki, plastiki ngumu yenye rangi ya fizi ambayo imetumika tangu miaka ya 1930. Kabla yake ulitumika mpira mgumu, na kabla ya mpira, huko Ulaya na Marekani watu walichongewa meno ya kiboko. George Washington aliapishwa kuwa rais mwaka 1789 akiwa amebakiwa na jino lake moja tu. Alivaa seti za meno ya kiboko, nyingine zikiwa na madini ya risasi na meno ya watu wengine. Mwangalie kwenye noti ya dola moja alivyofumba mdomo, umwonee huruma.

Akriliki ina bei nafuu, inarekebishika, na unaweza kuongezewa jino humo jingine likitoka. Ubaya wake inavunjika ikianguka, na ile ya mapengo machache hukalia fizi na kuzididimiza. Ya fremu ya chuma cha kobalti na kromi ni nyembamba na imara, na huegemea meno yaliyobaki badala ya kuzikandamiza fizi; ni ghali zaidi na si kila maabara inaweza kuyeyusha chuma hicho. Halafu kuna ya nailoni, laini, isiyo na waya unaoonekana. Watu wanaipenda sana siku hizi. Kwa pengo moja au mawili ya mbele sina ugomvi nayo. Kwa safu nzima ya nyuma siwezi kumshauri ndugu yangu, kwa sababu ikilegea ni vigumu kuijaza na ikikatika ni vigumu kuiunga.

Kuhusu bei, omba jumla kwa maandishi, na uulize mambo manne: ni mahudhurio mangapi, vifaa gani vitatumika, marekebisho ya mwezi wa kwanza yamo ndani ya bei au yanalipiwa, na kama kung'oa kuna gharama yake pembeni. Mwenye bima aulize kabla, maana bima inaweza kulipia kung'oa na isilipie kuvalisha.

Kuna pia mafundi wa kibandani, wanaokoroga akriliki mbichi na kuibandika mdomoni papo hapo, jino likagandishwa kwa majirani zake. Unatoka nalo baada ya nusu saa na unafurahi. Akriliki mbichi inapokauka hutoa joto na kuunguza fizi, chini yake mswaki haupiti, na baada ya muda jirani waliokuwa wazima wanaoza. Nimepokea plasta za vinywa vya namna hiyo. Pengo lilikuwa moja, sasa ni matatu. Anayekuhudumia muulize usajili wake. Kwa Tanzania Bara madaktari wa meno husajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika, na Kenya wana baraza lao la madaktari na madaktari wa meno.

Hatua ya 3: Kung'oa, na kusubiri

Usikubali kung'olewa meno mazima ili "kurahisisha". Hata mizizi miwili tu ya chonge za chini, ikiwa migumu, ina thamani kubwa: daktari anaweza kuikata ikawa mifupi, akaitibu, na seti ikakaa juu yake bila kuyumba. Mfupa unaozunguka mzizi nao haupotei haraka.

Kabla ya kung'oa mweleze daktari kama una kisukari, presha, unatumia dawa za kuzuia damu kuganda, au uliwahi kudungwa dawa za kuimarisha mifupa kwa sababu ya saratani. Hili la mwisho watu hulisahau, na ni zito, kwani taya linaweza kukataa kupona.

Baada ya kung'oa, fizi hufunga baada ya wiki chache, ila mfupa chini yake huendelea kujipanga kwa miezi. Mwenye subira husubiri miezi mitatu hadi sita ndipo achukuliwe vipimo. Asiyeweza kukaa bila meno, labda ni mwalimu au mchungaji, hutengenezewa seti mapema na kuvalishwa siku ileile ya kung'olewa. Inafaa, ila ajue mambo mawili. Siku ya kwanza asiivue mpaka daktari aione kesho yake, maana fizi zikivimba haitarudi. Na baada ya miezi kadhaa italegea, itabidi ijazwe au itengenezwe nyingine. Gharama ni mara mbili, wengine wanashtuka.

Ukingo wa fizi ulio juu ya mfupa ni kama tuta la viazi. Viazi vikiwamo tuta linasimama. Ukishavuna, mvua inalilaza kidogo kidogo. Taya la chini hulala haraka kuliko la juu, kwa miaka mingi takriban mara nne zaidi. Kumbuka hilo tutakapofika kwenye malalamiko ya meno ya chini.

Hatua ya 4: Vipimo

Hapa daktari atakujaza mdomo kitu kinachofanana na uji mzito wa rangi. Unga wake hutokana na mwani wa kahawia wa bahari za baridi, si ule mwekundu wanaoulima akina mama wa Paje na Jambiani. Hukaa mdomoni dakika mbili tatu, hugeuka mpira, hutolewa ukiwa na alama ya kinywa chako. Mimi huumwagia plasta, na taya lako linakuwa mezani kwangu.

Wengi wanaogopa kutapika. Usile sana kabla. Ukae wima, uinamishe kichwa mbele kidogo, upumue kwa pua, na kipimo kikiwa mdomoni unyanyue mguu mmoja juu ya kiti na kuuchezesha. Utajiona mjinga, lakini akili ikienda mguuni koo hutulia.

Kama una seti ya zamani, kaa bila kuivaa siku moja kabla ya vipimo ili fizi zirudie umbo lake. Ukija umeivua mlangoni, nitapokea alama ya fizi zilizobanwa, na meno mapya yatabeba kosa la ya zamani.

Kwa seti kamili vipimo huchukuliwa mara mbili: cha kwanza kwa kibebeo cha kawaida, cha pili kwa kibebeo nilichokitengeneza kwa ajili ya mdomo wako. Ziara inayofuata utauma vipande vya nta ili tujue taya zinakutania wapi. Watu husogeza kidevu mbele wakidhani wanasaidia. Kunja ulimi, ncha yake iguse kaakaa kule nyuma, ndipo ufunge mdomo. Taya litarudi mahali pake lenyewe.

Siku hiyo njoo na picha ya zamani uliyocheka meno yakaonekana. Ya harusi, ya kipaimara, yoyote. Picha ya kitambulisho haisaidii, kila mtu pale amenuna.

Hatua ya 5: Jaribio la nta. Hapa usinyamaze

Ziara hii ndiyo inayopitishwa kwa haraka kuliko zote, na ndiyo ningekuomba uikalie. Meno yako tayari yamepangwa, lakini yamesimama kwenye nta ya waridi. Nikipasha kisu changu moto naweza kulisogeza jino lolote kwa dakika moja. Ukishasema sawa, nta inafukiwa ndani ya plasta kwenye chungu cha chuma, inayeyushwa na kumwagwa, akriliki inashindiliwa mahali pake, chungu kinachemshwa kwa saa kadhaa, kinaachwa kipoe polepole, halafu navunja plasta, nasaga, nasugua mpaka ing'ae. Kutoka hapo hakuna kusogeza tena. Ukisema "rangi siipendi" siku ya kuvaa, kurekebisha ni kung'oa na kuanza upya.

Tatizo letu ni heshima. Mzee mmoja alivalishwa nta, daktari akamuuliza, "Shikamoo mzee, unayaonaje?" Akajibu, "Marahaba, sawa tu daktari, nyie ndio mnajua." Alivyofika nyumbani na meno yaliyokamilika, binti zake wakamwambia anaonekana kama amekasirika. Yalikuwa marefu kuliko yake ya asili. Yeye aliliona hilo kwenye kioo siku ya nta, akaona ni utovu wa adabu kulisema.

Basi njoo na mtu anayekujua na asiyekuogopa. Mke anafaa, mjukuu anafaa zaidi. Muombe daktari kioo kikubwa, uende nacho dirishani, maana taa ya kliniki hudanganya rangi. Tazama mstari wa katikati ya meno mawili ya mbele kama umelingana na pua. Tazama yanaonekana kiasi gani ukinyamaza, na kiasi gani ukicheka. Funga mdomo: midomo ikutane bila kulazimishwa. Kama unavuta midomo ndipo ifunge, meno ni marefu mno. Kama kidevu kimeikaribia pua na pembe za mdomo zimekunjamana, ni mafupi mno, na mikunjo hiyo italowa mate na kuchubuka.

Kisha ongea. Hesabu kwa sauti kuanzia sitini hadi sabini na saba, usirukeruke. Ukifika "sitini na sita", meno ya juu na ya chini yanatakiwa yakaribiane bila kugongana. Ukisikia yanagongana kama vijiko, sema. Halafu tamka "fedha", "vifaranga", "thamani", "dhahabu". Kwa f na v mdomo wa chini unapaswa kugusa ncha za meno ya juu kwa wepesi. Kwa th na dh ulimi upate pa kuchungulia. Lugha yetu ina sauti zote za kupimia meno, tuzitumie.

Rangi sasa. Kibao tunachokitumia mara nyingi kina meno 16 ya mfano, na kila wiki yupo anayeomba lile jeupe kuliko yote. Jeupe la vigae vya bafuni kwenye uso wa mtu wa miaka 65 linaonekana kutoka ng'ambo ya barabara. Huku kwetu kuna jambo la ziada. Maji ya maeneo mengi ya Arusha na Meru yana madini ya floraidi kwa wingi, kutokana na udongo na miamba ya volkano, na waliokulia hapa wana meno yenye madoa ya kahawia. Mtu akipoteza jino moja la mbele na akawekewa jeupe safi, pengo lake linaonekana zaidi kuliko alipokuwa nalo wazi. Kwenye kibao hakuna rangi ya maji ya Ngurdoto. Tunachora madoa kwa mkono, kwa brashi nyembamba, tukilinganisha na jirani. Hiyo ni kazi ninayoipenda kuliko zote, na watu hawajui kwamba wanaweza kuiomba.

Vilevile mwanya. Kama ulizaliwa nao na ulisifiwa kwao, uombe urudishwe. Nisipoambiwa nitapanga meno yaliyobanana, maana ndivyo yanavyokuja kiwandani.

Hatua ya 6: Mwezi wa kwanza

Siku ya kuvaa mdomo utajaa. Mate yatafurika kwa sababu kinywa kinadhani umekula kitu. Yameze, usiteme, yatapungua kwa siku chache. Maneno yatateleza. Soma kwa sauti chumbani, gazeti au kitabu cha dini, robo saa asubuhi na robo saa jioni.

Chakula sasa, na hapa namrudia yule mama. Seti kamili ikikaa vizuri hukupa karibu robo tu ya nguvu ya kuuma uliyokuwa nayo, na misuli ya mashavu na ulimi haijajua bado kuyashikilia meno. Kwa siku tatu nne za mwanzo kula mtori, uji, viazi vya kuponda, loshoro, wali uliolainika na mchuzi. Ugali ni rafiki mkubwa: matonge madogo, unachovya, unatelezesha. Kata vipande vidogo, gawa nusu kila shavu, tafuna pande zote mbili kwa wakati mmoja, juu na chini bila kusagasaga. Ukitafuna upande mmoja, upande wa pili unanyanyuka kama bembea. Usikate kitu kwa meno ya mbele. Chapati irarue kwa mkono, embe likate kwa kisu.

Wiki ya pili ongeza maharage yaliyoiva, mayai, samaki. Kwa samaki uwe mwangalifu, kwa kuwa kaakaa limefunikwa huwezi kuhisi mwiba kama zamani. Chai nayo: hutaihisi moto wake mpaka ifike kooni, kwa hiyo ijaribu kwa mdomo wa nje kwanza. Nyama iliyochemka vizuri ije mwishoni mwa mwezi, na makande yaliyoiva mpaka mahindi yanapasuka. Muwa, mahindi ya kuchoma ya kung'ata kwenye gunzi na kufungua soda kwa meno, hayo yaage.

Kidonda kitatokea, karibu kila mtu hukipata. Vua meno upumzike, sukutua kwa maji ya chumvi, urudi kliniki. Siri moja: asubuhi ya kurudi, yavae saa chache hata kama yanauma. Ukija umeyaacha wiki nzima kidonda kitakuwa kimepona na daktari hataona pa kusaga. Na usikwangue mwenyewe kwa tupa wala kisu. Nimeona meno yaliyosagwa na mwenyewe juu ya sakafu ya saruji, na sikuwa na la kufanya isipokuwa kuanza moja.

Ya juu hukaa kwa utando mwembamba wa mate kati ya plastiki na kaakaa, kama vipande viwili vya kioo vilivyolowa maji. Ya chini yana umbo la kiatu cha farasi, eneo la kushikia ni karibu nusu tu, ulimi unayasukuma, na tuta lenyewe limelala. Yatacheza. Fundi bingwa atapunguza, hataondoa. Zoeza ncha ya ulimi itulie nyuma ya meno ya mbele ya chini, hapo ulimi unakuwa kigingi. Ukiurudisha nyuma, meno yanaruka. Gundi ya dukani inasaidia, vitone vitatu vidogo kwenye meno makavu vinatosha. Soma pakiti, chagua isiyo na zinki, maana zinki nyingi kwa muda mrefu imewahi kuharibu mishipa ya fahamu ya watu. Gundi ikianza kuhitajika nyingi kila wiki, meno yanataka kujazwa.

Mwenye uwezo ajue kwamba wataalamu waliokutana Montreal mwaka 2002 walipendekeza kuwa kwa taya la chini lisilo na jino, seti inayoshikwa na vipandikizi viwili ndiyo iwe chaguo la kwanza. Viwili tu, si mdomo mzima. Ukikusanya, kusanyia hivyo.

Mama wa Usa River tulimrudisha kwenye mtori. Daktari alisaga mahali pamoja palipomchubua, nami nikang'arisha upya. Wiki ya sita alikula makande. Nyama choma ya mbuzi bado anavua ya chini, anaifunga kwenye leso, anakula na ya juu peke yake, na anasema hivyo ndivyo ilivyo tamu.

Hatua ya 7: Usiku na usafi

Vua ukilala. Fizi zinahitaji kupumzika, na fangasi hupenda kaakaa lililofunikwa usiku kucha. Ukiona kaakaa limekuwa jekundu kwa umbo lilelile la plastiki, ndiye huyo. Kwa wazee sana hatari inafika kifuani: utafiti wa Japani uliochapishwa mwaka 2015, uliofuatilia wazee 524 wenye miaka 85 na zaidi, uliona waliolala na meno ya bandia walipata nimonia takriban mara mbili ya wenzao.

Sugua kwa mswaki laini na sabuni ya kawaida, ile ya kuoshea vyombo inatosha. Dawa ya meno ina chembe zinazokwaruza akriliki, mkaa na majivu ni vibaya zaidi, na mkwaruzo ndio makazi ya uchafu. Jaza beseni maji au tandika taulo chini kabla ya kuanza, kwa sababu meno mengi ninayounga yalianguka yakioshwa. Maji yawe ya uvuguvugu. Ukiyachemsha yatapinda na hayatakaa tena. Yenye chuma au waya yasiguse dawa ya klorini. Usiku yakae kwenye bakuli la maji safi lenye mfuniko. Usiyafunge kwenye tishu, atakuja wa kufagia ayatupe. Wala usiyaache chini. Mbwa huyapenda kuliko mfupa, sijui kwa nini.

Fizi, ulimi na kaakaa pia vinataka mswaki. Kama una meno yako yaliyobaki, yasafishe kwa dawa yenye floraidi kwa bidii ya ziada pale waya unapoyashika, kwani ndipo yanapooza kwanza.

Hatua ya 8: Yakilegea, yakivunjika, yakipotea

Kliniki mara moja kwa mwaka, hata kama huna jino la kuangaliwa, kwa sababu wanaangalia fizi. Kidonda kisichopona baada ya wiki mbili, meno yakiwa yamevuliwa, kisiitwe "cha meno" tena, kipimwe saratani. Tuta likishuka, seti hujazwa upande wa ndani ikashika upya. Baada ya miaka mitano hadi kumi, kutegemea matumizi, ni kutengeneza nyingine.

Yakivunjika, okota vipande vyote, hata kidogo, njoo navyo. Usiunge kwa supagluu. Ikikauka vibaya vipande havikutani tena, na ile gundi inanizuia kuunga sawasawa.

Ukilazwa kwa upasuaji, waambie wauguzi una meno ya kuvua, hata kama ni kipande cha jino moja, hasa kipande cha jino moja. Mwaka 2019 jarida moja la kitabibu la Uingereza lilichapisha kisa cha mzee wa miaka 72 aliyefanyiwa upasuaji mdogo na meno yake yakiwa mdomoni. Yalikwama kooni na ikachukua siku nane kugundulika.

La mwisho ulisema kabla sijachemsha: omba jina lako liandikwe ndani ya meno. Ni kijikaratasi kidogo kilichochapwa, nakifunika kwa akriliki isiyo na rangi upande unaogusa kaakaa, hakionekani. Wodini au kwenye nyumba ya wazee bakuli hubadilishana. Seti ya pili ya mama wa Usa River niliiandika mwaka jana. Alikataa jina, akataka namba ya simu ya binti yake, kwa sababu, alisema, akipotea yeye pamoja na meno, huyo ndiye wa kupigiwa.